Mwenyekiti wa Matanga Hacheki Ovyo

Ukitaka kumharibia mtu kipindi cha vichekesho, mkalishe karibu na Mwenyekiti. Mwigizaji hajafungua mdomo, yeye ameshasema. "Sasa mama mkwe anaingia na mizigo." Mama mkwe huyo mlangoni, na mizigo. "Sasa watchman anajificha nyuma ya geti." Watchman huyo nyuma ya geti, kofia imemwangukia machoni. Halafu kile kicheko cha kubandikwa kinapasuka, watu wasioonekana wanacheka hadi kupaliwa, na Mwenyekiti anatugeukia sisi tulio sebuleni kwake kama daktari aliyetuonya mapema tukapuuza.

"Hii kitu imekufa," anasema. "Kilichobaki ni kuunda kamati."

Mambo ya kamati aliyajua vizuri. Katika mtaa wetu wa Buruburu, mtu akifiwa, jua halitui kabla viti havijapangwa nje. Majirani, watu wa kazini na watu wa kanisani wanakutana kila jioni kupanga safari ya kumpeleka marehemu nyumbani kwao akazikwe, awe wa magharibi au wa Ukambani, na lazima awepo mtu wa kuongoza kikao. Kwetu mtu huyo alikuwa ni yeye. Hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini. Hata familia ikimweka mtu wao, huyo aliitwa "yule mwingine", na Mwenyekiti akabaki kuwa Mwenyekiti.

Mimi nililelewa nyumba iliyopakana na yake, tukitenganishwa na ukuta mmoja uliopitisha kila neno. Siku hizi nakaa Tassia, lakini Jumapili nilikuwa nakuja kumwona mama, na kutoka kwa mama navuka kwenda kwa Mwenyekiti kutazama kipindi. Na kipindi chenyewe ni mimi niliyekuwa nakiandika, pamoja na wenzangu wawili. Sasa fikiria maumivu. Wiki nzima umekaa ukitafuta neno la watchman, Jumapili mzee aliyestaafu ukarani wa baraza la jiji analisema kabla yako, tena huku anachokoa meno.

Nilitaka jambo moja tu kutoka kwake: acheke. Mara moja, kwa kitu nilichokiandika mimi, ambacho hakukiona kikija. Nilijiambia kwamba siku hiyo ikifika nitajua bado kuna kitu kipya cha kuandika. Isipofika, basi kazi yangu ni kumpaka maiti poda.

Mkewe hakuwa na shida hiyo. Sisi watoto wa mtaa tulimwita Anti, na tulipokua tukaendelea kumwita Anti. Alitazamia televisheni mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, na alicheka kila kitu: kipindi, matangazo ya sabuni, hata taarifa ya habari.

"Wewe unacheka nini?" Mwenyekiti anamuuliza.

"Nacheka tu. Kwani wewe unalipwa kununa?"

Jambo la ajabu ni kwamba Mwenyekiti mwenyewe hakujua kabisa kusimulia kichekesho. Alipewa kipaza sauti harusini mara moja, na waliompa walijuta. Alianza hadithi ya mtu aliyemwazima jirani punda, akafika katikati, akakumbuka kwamba alisahau kusema punda alikuwa kipofu, akarudi mwanzo, akapotea tena, mwishowe akamtakia bibi harusi heri akakaa. Watu walipiga makofi ya huruma. Nilipomtania baadaye aliniambia hakuwa mtu wa harusi. Alisema harusini watu wanacheka kwa kuwa wameshiba, na hiyo haihitaji mtu mwenye kipaji.

Kipaji chake kilikuwa kwingine. Jioni ya mwisho kabla ya safari, mambo ya basi na jeneza na ratiba ya ibada yakiisha kujadiliwa, Mwenyekiti alivua miwani, akaiweka mfukoni, akasema, "Sasa tumwone ndugu yetu kabla hajasafiri." Hapo alikuwa anageuka marehemu.

Sijui namna nyingine ya kulisema. Nakumbuka alipofariki karani mmoja kutoka Ukambani aliyekaa mwisho wa safu yetu, mtu mpole ambaye kila asubuhi alifunga mlango, akatembea hadi getini, akarudi kuhakikisha amefunga. Anavuta kitasa, anaridhika, anaenda, anarudi. Wote tulimwona kila siku na hakuna aliyewahi kulitaja. Jioni ile Mwenyekiti alishika kitasa cha hewani, akavuta, akaondoka na kamkoba kasikokuwepo, akafika kwenye kamba ya hema, akasita. Watu wakaanza kuguna. Akarudi, akavuta, akaondoka. Mara ya tatu hakurudi, aligeuza shingo tu, akamtazama mjane, akamuuliza kwa ile sauti ya upole, "Mama, nimefunga?"

Mjane alikuwa hajala wala kusema neno tangu msiba. "Umefunga!" alipiga kelele. "Umefunga, Baba, nenda!" Akacheka huku machozi yanamwagika, na sisi sote tukacheka na kulia naye, na usiku huo nikaambiwa alikula.

Kuna waliomlaumu. Mzee mmoja wa kanisa alimwita kando akamwambia kuigiza wafu ni dhihaka na akome. Mwenyekiti alikubali mbele za watu, kwa unyenyekevu mkubwa. Kikao kilichofuata akasimama akamwigiza mzee wa kanisa akimkanya: kidole juu, Biblia kwapani, kikohozi kile cha kutafuta aya. Hiyo ndiyo mara pekee aliyomwigiza mtu aliye hai. Mzee wa kanisa alinuna kwa muda mrefu. Halafu siku moja akamkuta Mwenyekiti dukani, akamwambia polepole wengine wasisikie, "Nikienda mimi, usisahau kikohozi."

Kuishi jirani na mtu kama huyo si raha tupu. Unakula ugali wako, unainua macho, unamkuta anakutazama namna unavyofinyanga tonge, na unajua anakuweka akiba. Mama yangu alikuwa anamwambia waziwazi, "Mwenyekiti, usiniangalie hivyo, mimi bado niko."

"Nakusalimia tu, mama," anajibu, macho hayabanduki.

Na alikuwa na kasoro zake, nisimpake mafuta. Alikuwa mgumu wa sifa. Alikuwa ananuna akikosa kipindi kile kile alichokitangaza kuwa kimekufa. Televisheni yake iliharibika Jumapili moja, akaja kwetu amevaa koti kama mtu aendaye kanisani, akakaa mbele kabisa. Na baada ya kututesa kwa kukataa kila mzaha tulioutolea jasho, mwigizaji akikosa kiti akaanguka chini, Mwenyekiti alikuwa anacheka hadi anashika mbavu.

"Hata hilo si wazo jipya," nilimwambia siku moja, nimekasirika kweli.

"Kuanguka si wazo," alisema akijifuta macho. "Kuanguka ni kuanguka."

Kisa cha Majengo alikisimulia Anti, maana yeye mwenyewe hakukipenda. Mwenyekiti alikuwa na rafiki waliyefanya kazi pamoja barazani, Mwislamu mzaliwa wa Majengo. Rafiki akafariki alfajiri, habari zikamfikia Mwenyekiti mchana. Akafanya alichokijua. Akaita watu, akateua katibu, akapanga vikao vya wiki nzima, akakodi viti, akapakia kwenye pikapu, wakashuka Majengo jua linakaribia kuzama. Huko walikuwa wamekwisha kuzika tangu alasiri. Mwenyekiti amesimama uchochoroni na mlima wa viti, na mkononi ajenda ya kumsafirisha mtu aliyekwisha kulala kaburini.

Nduguye marehemu akatoka, akamtazama, akavitazama viti. "Karibu Mwenyekiti," akasema. "Umefanya la maana, watu walikuwa wamekaa chini."

Wakavishusha. Mwenyekiti akakaa kwenye kimoja, akapewa kahawa, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa matangani bila cha kuongoza. Yule ndugu akamuuliza, "Huko kazini alikuwaje?" Mwenyekiti akasimulia mpaka kahawa ikapoa. Aliporudi nyumbani alimwambia Anti kwamba watu wa Majengo wanazika kama watu wenye akili. Wiki iliyofuata jirani mmoja alipofiwa, Mwenyekiti akapanga vikao vya jioni saba kama kawaida yake.

Kisa hicho nilikiandika. Nilikipenda kuliko chochote nilichowahi kuandika, na nilijua kabisa Mwenyekiti hangekiona kikija, maana nani hujiona akija? Mtayarishaji wetu alikisoma, akatabasamu, akakirudisha mezani. Watu hawacheki msiba, alisema. Rudisha watchman.

Nikarudisha watchman. Baada ya muda kituo kikatuambia msimu huo ndio wa mwisho. Tulikalishwa kwenye kiyoyozi tukaelezwa kwamba vichekesho vya televisheni vimeishiwa, kila kitu kimeshafanywa, watu wanachekea kwenye simu, na hakuna wa kulaumiwa. Nilitoka pale nikiwa nimeamini. Nilianza hata kuulizia kazi ya kuandika matangazo ya unga.

Jumapili nilimpelekea Mwenyekiti habari, nikitarajia afurahi kuwa alisema kweli. Alikasirika.

"Nani amesema imeisha?"

"Si ni wewe? Kila wiki unatuambia imekufa."

"Mimi nilisema TV imekufa. Sikusema watu wameisha." Akaweka kikombe chini. "Huyo watchman wenu. Anaitwa nani?"

"Watchman."

"Anakula nini saa sita?"

Sikujua. Hatukuwahi kufikiri kwamba anakula.

"Watchman wa hapa kwetu anafuga sungura nyuma ya kibanda," alisema Mwenyekiti. "Amewapa majina ya madiwani. Asubuhi unamsikia anagombana nao, 'Mheshimiwa, umekula za mwenzako.' Hiyo nimeona kwa TV? Sijaona. Nyinyi mnaandika watchman wa TV nyingine, na hiyo nyingine iliandika wa ingine. Huyo wenu akifa mtamwigiza nini? Kofia?"

Anti alicheka huko mlangoni. "Jibu sasa," aliniambia. "Umeulizwa swali."

Nilirudi Tassia nikiwa na hasira nzuri, ile inayomkalisha mtu mezani. Katika vipindi vilivyobaki nikaingiza sungura. Mtayarishaji hakujali tena, maana tulikuwa tunafunga duka. Jumapili ilipofika nilimtazama Mwenyekiti badala ya kutazama televisheni. Sungura wakatokea. Hakubashiri neno. Hakucheka pia. Kipindi kilipoisha akasema, "Umeanza kuangalia. Lakini hao sungura umewachukua kwangu. Sasa tafuta wako." Anti alikuwa amecheka mpaka mwiko ukaanguka, lakini Anti, kama nilivyosema, alicheka hata taarifa ya habari.

Kisha Anti akafa. Aliugua kidogo tu, tukadhani ni mafua, na asubuhi moja mama akanipigia simu akashindwa kuongea. Nilijua kabla hajatamka. Nilimpenda Anti kama ninavyompenda mama yangu, na njia yote kutoka Tassia sikuweza kukumbuka uso wake, niliisikia sauti tu.

Vikao vikaanza kwake, katika ua wa nyumba yao. Mwenyekiti hangeweza kuongoza. Alikalishwa kwenye kiti cha wafiwa kando ya ukuta, shuka mabegani, na kila aliyeingia akamwinamia. Kamati ikamchagua jirani mpya, mama mmoja nadhifu wa benki, na kusema kweli aliongoza vizuri. Vikao vilianza kwa wakati, vikaisha kwa wakati. Lakini hakuna aliyecheka wiki nzima, na tulipata kujua kwamba matanga ya kawaida ni mazito mno.

Jioni ya mwisho jua lilikuwa bado halijazama. Kesho yake Anti alikuwa anasafirishwa kwenda magharibi. Basi lilikuwa limepatikana, jeneza limechaguliwa, mpishi amethibitisha. Mama wa benki akauliza kama kuna mengineyo. Kila mtu alijua kilichobaki, na kila mtu akatazama viatu vyake. Huwezi kumwomba mjane mwanamume amwigize mkewe. Na hakuwepo mwingine aliyewahi kufanya kazi hiyo. Niliwaza: kwa hiyo Anti, aliyecheka kuliko sisi sote, ndiye atakayeondoka Buruburu bila hata kicheko kimoja.

"Kama hakuna, tufunge kwa maombi," alisema mama wa benki.

"Kuna," nilisema. Nilikuwa nimeshasimama.

Mimi ni mtu wa kuandika, sijawahi kuigiza hata shuleni. Nikafunga leso kiunoni, nikasema, "Sasa tumwone Anti kabla hajasafiri," na nikaanza kumsindikiza mgeni.

Anti hakujua kuagana. Ukimtembelea, maongezi ya ndani yalikuwa ya adabu tu; habari zenyewe zilianza ukishasimama uende. Anakuaga sebuleni, anakuaga mlangoni, anatoka na ndara hadi getini, na pale getini ndipo anapokumbuka kwamba hajakuambia chochote. Nikamtoa mgeni wa hewani sebuleni. "Haya basi, ukifika usalimie wote." Hatua moja. "Ebu ngoja. Kwani sijakuambia ya yule binti wa kwaya?" Watu wakaguna. Mama yangu akafunika mdomo. Hatua nyingine. "Haya nenda, nisikucheleweshe. Lakini ebu ngoja." Kicheko kikaanza nyuma, kikasambaa.

"Hapana," ikatoka sauti ukutani.

Nikageuka. Mwenyekiti alikuwa ananitazama bila miwani. Sikuona alipoivua.

"Hakuwa anasema ngoja," alisema. "Angesema ngoja, si ungengoja? Alikuwa anashika mkono."

Akainuka. Shuka likaanguka, hakuliokota. Akaja hadi nilipo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akausogeza kifuani, na alipofungua mdomo, naapa, Anti alikuwa pale. Shingo ile ya kuinama upande, nyusi za mtu mwenye siri, ile pumzi ya kuvuta kabla ya umbeya. Akanitembeza kuelekea getini akinisimulia habari za mtaa mzima, na kila nikijaribu kujitoa anakaza mkono na kusema, "Kwani nani amekukataza? Nenda!" Watu walikuwa wanalia kwa kucheka. Mama alikuwa ameegemea mlingoti wa hema.

Yeye tu ndiye hakuwa anacheka. Tulifika getini, na nikaona anautazama mdomo wangu, kama alivyofanya kila Jumapili, anatafuta nitakachosema. Sikuwa na kitu. Nilikuwa na mkono tu, na hakuwa na nia ya kuuachilia.

"Anti," nikasema, "basi baki na huo mkono. Mimi niende na huu mwingine. Kesho nitapitia niuchukue."

Uso wake ulisimama. Hakukiona kikija. Kisha kikampasuka kifuani, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia katika miaka yote ya ukuta mmoja, kikubwa, kibaya, cha mtu asiyejua kucheka vizuri, mpaka akanilalia begani na sikuweza tena kutofautisha kicheko na kile kingine. Nilimshikilia. Nilikuwa nalia pia, na nilikuwa na furaha, na sioni haya kusema hivyo.

Nyuma yetu watu walianza kutulia. Mama wa benki, maskini, akatazama saa, akakohoa kidogo, akauliza kama sasa tunaweza kufunga kwa maombi.

Mwenyekiti akainua kichwa begani mwangu. Mkono wangu bado alikuwa ameushika.

"Mama, kaa chini," alimwambia. "Mgeni bado hajaenda."